Kiongozi Aliyeanza Nyumbani Kwake

Soma kwa ajili ya somo hili: Yoshua 24:15, 1 Samweli 3:11–14, Danieli 6:10, Mathayo 8:10, 1 Timotheo 3:4, 5.

Chini ya milima ya Uluguru, kando ya barabara itokayo Morogoro kwenda Iringa, kipo chuo cha Mzumbe. Kilianza mwaka 1953 kama shule ya watumishi wa serikali za mitaa. Mwaka 1972 kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na mwaka 2001 kikawa chuo kikuu. Kwa zaidi ya miaka 70 watu wamekwenda Mzumbe kujifunza kuongoza. Lakini Paulo, alipomwandikia Timotheo juu ya sifa za mwangalizi wa kanisa, alitaja shule iliyotangulia zote: nyumba ya mtu mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 1953, mwezi Januari, mwalimu mmoja kijana alifunga ndoa na Maria Gabriel. Alikuwa Julius Kambarage Nyerere, ambaye baadaye aliiongoza Tanganyika kupata uhuru. Alikuwa Mkatoliki, na Waadventista wanajua mahali ambapo mafundisho yao yanatofautiana na ya kanisa lake. Hata hivyo Yesu aliisifu imani ya akida wa Kirumi. Uaminifu unastahili kutazamwa popote unapoonekana.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake 22, na mama yake, Mugaya, alikuwa wa tano. Kijana huyo alibatizwa Desemba 1943, mwaka mmoja baada ya baba yake kufariki. Angeweza kuifuata desturi ya nyumba aliyokulia, wala hakuna ambaye angeshangaa. Yeye alichagua mke mmoja, akaishi naye miaka 46, wakajaliwa watoto wanane.

Jaribu lilikuja mapema. Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa, naye akawa rais wake. Wakati huo alikuwa akifundisha katika shule ya misheni ya Pugu. Mwaka 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, ilimbidi achague kati ya ualimu na siasa. Ualimu ulikuwa na mshahara, na nyumbani kulikuwa na mke na mtoto mchanga. Akaacha kazi. Wakarudi Butiama, na kwa muda alipata riziki kwa kumfundisha padri mmoja lugha ya Kizanaki.

Gharama ya uamuzi huo haikulipwa na mtu mmoja. Familia ilipohamia Magomeni, Dar es Salaam, Mama Maria alifungua duka dogo, akauza mafuta ya taa na mahitaji mengine ya nyumbani, huku mumewe akizunguka nchi nzima kwa mikutano. Wengi hukumbuka hotuba za miaka ile, lakini wachache hukumbuka duka lile. Mtu anapoitwa kwa kazi kubwa, mara nyingi kuna mwingine nyumbani anayebeba nusu ya mzigo bila kutajwa.

Akawa Waziri Mkuu mwaka 1961, kisha Rais mwaka 1962. Kazi za nchi hazikumwondoa kanisani. Alijulikana kwa kuhudhuria ibada ya asubuhi karibu kila siku, akaketi na waumini wengine, na kwa kufunga. Danieli naye alikuwa mkubwa katika serikali, na saa zake za maombi hazikubadilika. Ila Nyerere hakuitumia mamlaka yake kuwalazimisha wengine waabudu kama yeye. Alishikilia kwamba serikali ya Tanzania haina dini, ingawa wananchi wake wanazo. Kila mshiriki anayekwenda kanisani siku ya Sabato bila hofu ameonja tunda la msimamo huo.

Hakuwa mtu asiye na kosa. Watu wengi walihamishwa kwa nguvu kwenda vijijini katika miaka ya 1970, na kuna waliopoteza nyumba na mashamba. Yeye mwenyewe alikiri hadharani kwamba serikali yake ilifanya makosa. Biblia pia haifichi makosa ya watu wake. Inasema wazi kwamba Eli alihudumu hekaluni miaka mingi, lakini hakuwazuia wanawe.

Mwaka 1985 Nyerere aliachia urais kwa hiari, kisha akarudi Butiama kulima. Katika uzee wake alizigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi za Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, Mama Maria akiwa pamoja naye, akazikwa Butiama. Hakuacha utajiri uliotokana na cheo. Aliacha mjane aliyeendelea kwenda kanisani.

Vyeo hupokelewa na kurudishwa. Mume, baba na mwabudu hana siku ya kustaafu. Ndiyo maana Mungu humpima kiongozi kwanza pale ambapo hakuna anayempigia makofi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini Paulo aliiweka nyumba mbele ya kanisa katika 1 Timotheo 3:4, 5?

2. Linganisha Eli na Yoshua. Kila mmoja alikuwa na kazi kubwa kwa watu wa Mungu. Tofauti yao ilianzia wapi?

3. Ni nani nyumbani kwako anayelipa gharama ya huduma yako kanisani au kazini? Wiki hii utamwonyeshaje kwamba unalijua hilo?

4. Ni saa gani ya ibada ya nyumbani ambayo kazi imekwisha kuichukua, na familia yako itairudishaje?