Vince Lombardi: Alisota miaka 20, akatawala 10

KILA mwaka Marekani husimama kwa saa kadhaa kuangalia Super Bowl, fainali ya ligi yao ya ule mpira wenye umbo la yai. Bingwa hukabidhiwa kombe la madini ya fedha lenye jina la mtu mmoja, Vince Lombardi. Kombe wengi wanalijua, mwenyewe hawamjui. Na wanaomjua humkumbuka kwa mataji matano aliyobeba ndani ya miaka saba. Kinachosahaulika ni kwamba kocha huyu alifika miaka 45 bila kuwahi kuwa kocha mkuu wa timu ya kulipwa.

Mtoto wa muuza nyama

Lombardi alizaliwa Juni 11, 1913, Brooklyn jijini New York, mtoto wa kwanza kati ya watano katika familia yenye asili ya Italia. Baba yake, Harry, alikuwa mfanyabiashara wa nyama, na kwenye vidole alikuwa amechora tatuu, mkono mmoja neno kazi, mkono mwingine neno mchezo. Kijana akakulia katikati ya hayo mawili, akaongeza la tatu, kanisa. Aliingia shule ya kuandaa mapadri, lakini hakufika mwisho. Mpira ulikuwa umeshamteka.

Chuo Kikuu cha Fordham alicheza safu ya mbele, kule kwa kupambana mwili kwa mwili. Hakuwa na urefu wala mbio, ila alikuwa mbishi kwelikweli. Mwaka 1936 safu hiyo ya watu saba ilikuwa ngumu kupenyeka hadi ikabatizwa jina la vipande saba vya mwamba.

Alipomaliza chuo, mambo hayakunyooka. Mwaka 1939 akapata kazi St. Cecilia, sekondari ya Kikatoliki mjini Englewood, New Jersey. Mchana anafundisha Kilatini, fizikia na kemia, jioni yuko uwanjani na vijana. Alikaa hapo miaka minane. Mwaka 1947 akarudi Fordham, kisha 1949 akaenda chuo cha jeshi cha West Point kuwa msaidizi wa kocha Red Blaik. Huyu ndiye aliyemfunza kupunguza mambo mengi na kuyafanya machache kwa usahihi.

Mwaka 1954 New York Giants wakamchukua asimamie mashambulizi, huku ulinzi ukiwa chini ya Tom Landry. Miaka miwili baadaye Giants wakatwaa ubingwa kwa kuifumua Chicago Bears 47-7. Lakini Lombardi bado alikuwa msaidizi. Aliomba ukocha mkuu kwenye vyuo, akapigwa chini. Mwenyewe aliamini jina lake la Kiitaliano ndilo lililokuwa likimponza.

Timu iliyokuwa ikiburuza mkia

Simu iliyobadili maisha yake ilitoka Green Bay, mji mdogo wenye baridi kali jimboni Wisconsin, uliokuwa na watu kama 60,000. Timu yao, Packers, mali ya wananchi wenye hisa, ilikuwa hoi. Msimu wa 1958 ilishinda mechi moja, ikatoa sare moja, ikapoteza 10.

Lombardi alikwenda mwaka 1959 kwa sharti moja, awe kocha na meneja mkuu kwa pamoja. Hakutaka mtu wa kumwingilia. Nyota wa timu, Billy Howton, akauzwa Cleveland. Mazoezi yakawa ya kutapikisha. Kufika kwa wakati kulimaanisha kufika dakika 15 kabla, ukija saa kamili umechelewa.

Lakini ukali peke yake haujengi timu. Lombardi alikuwa na jicho la mwalimu. Bart Starr, aliyesajiliwa raundi ya 17 mwaka 1956 na hakuna aliyemtegemea, akafanywa kiongozi wa mashambulizi. Paul Hornung, aliyekuwa anahamishwa hamishwa namba, akapewa nafasi yake moja akatulia. Kisha akawapa shambulizi moja la kukimbia pembeni, mabeki wawili wa safu ya mbele wakichomoka kumsafishia njia mwenye mpira. Walilirudia mazoezini mpaka wakachoka. Wapinzani walijua linakuja, na bado walishindwa kulizuia.

Msimu wa kwanza Packers walishinda saba na kupoteza tano. Msimu wa pili wakafika fainali, wakafa 17-13 kwa Philadelphia Eagles, muda ukiisha wakiwa wamebakiza yadi chache wafunge. Kambi iliyofuata Lombardi alianza upya kabisa, akawainulia mpira watu wazima wale na kuwaeleza kwamba huo ndio mpira. Matokeo yake? Fainali ya 1961 waliipiga Giants 37-0. Mwaka 1962 wakarudia dhidi ya Giants hao hao, 16-7.

Mlango mmoja kwa wote

Wakati huo sehemu kubwa ya Marekani ilikuwa bado na ubaguzi wa rangi, na Green Bay watu weusi walihesabika kwa vidole. Lombardi aliwasajili Emlen Tunnell, Willie Davis, Willie Wood na Herb Adderley, kisha akawaonya wenye baa na migahawa ya mji kwamba watakaomkatalia mchezaji mweusi hawatamwona mchezaji yeyote wa Packers. Timu iliposafiri, hoteli iliyotaka kuwatenganisha wachezaji haikupata wageni hao. Aliyewahi kuhisi jina lake linamfungia mlango hakutaka kijana wake afungiwe kwa ngozi.

Mwaka 1963 na 1964 taji lilikwenda kwingine. Kisha likaja 1965, 1966 na 1967, mfululizo. Katikati yake Packers wakashinda Super Bowl mbili za kwanza kabisa, 35-10 dhidi ya Kansas City Chiefs na 33-14 dhidi ya Oakland Raiders.

Mechi inayosimuliwa zaidi ni ile ya Desemba 31, 1967, dhidi ya Dallas Cowboys ya Tom Landry, mwenzake wa zamani. Baridi ilifika nyuzi 25 chini ya sifuri. Mitambo ya kupasha joto uwanja ikagoma, filimbi za waamuzi zikaganda, ikabidi wapaze sauti. Zikiwa zimebaki sekunde 16, Packers walikuwa nyuma 17-14, hatua moja kutoka mstari. Wangeweza kupiga mpira langoni wapate sare. Lombardi akaruhusu waende kwa mguu. Starr akajitosa mwenyewe nyuma ya Jerry Kramer, 21-17.

Bei aliyolipa

Mafanikio hayo hayakuwa ya bure. Mkewe Marie na watoto wao, Vincent na Susan, waliishi na mtu ambaye akili yake ilibaki uwanjani. Mwaka 1968 akaachia ukocha akabaki meneja, lakini ofisi ikamshinda. Msimu wa 1969 akaenda Washington, timu ambayo haikuwa imemaliza msimu ikiwa na ushindi mwingi kuliko vipigo tangu 1955. Akaivusha palepale, ushindi saba, vipigo vitano, sare mbili.

Hakupata msimu wa pili. Juni 1970 akalazwa, ikagundulika ni saratani ya utumbo. Septemba 3 mwaka huo akafariki dunia akiwa na miaka 57.

Misimu 10 ya ukocha mkuu, na hakuna hata mmoja aliomaliza na vipigo vingi kuliko ushindi. Alisubiri mara mbili ya muda huo kuupata ukocha wenyewe. Baada ya kifo chake kombe la Super Bowl likapewa jina lake, na kila bingwa tangu hapo hulinyanyua kombe la kocha ambaye kwa muda mrefu hakuna aliyemtaka.