SIME NDANI YA ALA: MAISHA YA WAIYAKI WA HINGA

Ukitoka huku kwetu Kalimoni ukapanda matatu hadi Nairobi, halafu ukashika njia ya kwenda Kikuyu na Nakuru, utapita katika barabara kubwa iitwayo Waiyaki Way. Makanga hulitaja jina hilo mara mia kwa siku. Lakini hebu waulize abiria, huyo Waiyaki alikuwa nani? Wengi watakuambia ni mzee fulani wa zamani, basi, yameisha. Wengine watakuambia ati ni yule aliyezikwa akiwa hai. Mimi nimeamua kueleza maisha yake hapa, na nina sababu.

Sababu yenyewe ni hii. Mwaka huu kikundi chetu cha ngoma kilikuwa kikifanya mazoezi ya ngoma ya vita ya Wakikuyu kwa ajili ya tamasha la muziki. Mimi ni mmoja wa wachezaji. Mikuki yetu ni ya mti na ngao zetu ni za katoni iliyopakwa rangi. Katika mkutano wa wazazi, mzazi mmoja akasimama akasema ngoma hii ikomeshwe. Alisema ameona kwa macho yake vijana wa sehemu hizi wakitumia rungu na panga kwa jina la mila, na hataki mtoto wake afundishwe mambo hayo shuleni. Ukumbi ukanyamaza kimya. Waama, mzazi huyo hakuwa mjinga, na swali lake linahitaji jibu la heshima. Nilipotafuta jibu nililipata katika maisha ya Waiyaki wa Hinga.

Waiyaki aliishi katika karne ya 19 upande wa Kabete, mahali ambapo mashamba ya Wakikuyu na msitu yalikutana na mbuga za Wamaasai. Ukoo wake wenyewe husimulia kwamba una damu ya Kimaasai. Hilo lisikushangaze, msomaji. Watu wa mpakani walipigana, ndiyo, lakini pia walioana na kufanya biashara. Hata wakati wa vita kati ya Wakikuyu na Wamaasai, wanawake walivuka wakiwa na mizigo ya vyakula wakaenda kubadilishana kwa ngozi na mifugo, na hakuna aliyewagusa. Vita vilikuwa na mipaka yake.

Kijana wa siku hizo hakuamka tu asubuhi moja akawa mpiganaji. Mafunzo yalianza na michezo ya utotoni. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka wa 1938 kuhusu maisha ya Wakikuyu, anataja miereka, mbio, kuruka, kushindana kwa fimbo na ngao, kuinua mawe mazito na kutupa rungu. Kumbe wazee wetu walikuwa na somo la michezo hata kabla ya shule kujengwa! Baada ya kutahiriwa, kijana aliingia katika rika lake na kuhesabiwa miongoni mwa anake, yaani vijana wa vita. Hapo ndipo aliposhika silaha za kweli: mkuki, ngao ya ngozi ngumu, rungu na sime. Silaha za chuma zilifuliwa na wahunzi kutokana na mchanga mweusi wenye chuma uliookotwa mitoni.

Lakini silaha haikuwa mali ya mtu kutumia apendavyo. Anake walikuwa na baraza lao liitwalo njama, na juu ya baraza hilo walikuwako wazee. Kwenda vitani bila ruhusa lilikuwa kosa. Kijana alifundishwa kurusha mkuki, na papo hapo akafundishwa kungoja. Ngoma ya kibata, ile ya kuruka juu na kutikisa ngao, ilikuwa sehemu ya malezi hayo. Mbele ya kijiji kizima vijana walionyesha wepesi wa mwili, pumzi, na uwezo wa kusonga pamoja kama mtu mmoja. Asiyeweza kufuata mwendo wa wenzake katika ngoma angewaponza wenzake vitani.

Katika malezi hayo Waiyaki alikua, akapanda hadi akawa miongoni mwa viongozi waliosikilizwa sana upande wa kusini wa nchi ya Wakikuyu. Mwaka wa 1887 msafara wa Count Teleki, mpelelezi kutoka Austria na Hungaria, ulifika Kikuyu ukiwa na watu wengi wenye bunduki. Waiyaki aliupokea kwa urafiki na kuusaidia kupita. Si kwamba aliogopa. Alikuwa kiongozi wa mpakani, na kiongozi wa mpakani hujua kwamba mgeni anaweza kuwa mteja leo na adui kesho. Bora umjue mapema.

Miaka mitatu baadaye, Oktoba 1890, akaja Kapteni Frederick Lugard, akiitumikia ile kampuni ya Waingereza iliyopewa kibali na malkia wao mwaka wa 1888 kufanya biashara na kutawala Afrika Mashariki. Kampuni ilitaka kituo cha kununulia chakula cha misafara iliyokuwa ikienda Uganda. Waiyaki na Lugard wakala kiapo cha undugu, na boma likajengwa Dagoretti. Kwa Waiyaki kiapo hakikuwa karatasi. Aliyekula kiapo nawe alikuwa ndugu yako, mali yako ilikuwa salama kwake na yake ilikuwa salama kwako.

Lugard akaendelea na safari yake kwenda Uganda. Waliobaki bomani hawakukijali kiapo. Walinzi na wapagazi wakaanza kuchukua mazao na mifugo ya watu bila kulipa. Sasa wewe niambie, mgeni akikuibia mbuzi, huo ni undugu gani? Wananchi walikasirika, boma likashambuliwa, na mwaka wa 1891 Waingereza wakaliacha likachomwa moto. Mwaka huohuo wakarudi na nguvu zaidi, wakajenga boma lingine huko Kabete, wakaliita Fort Smith.

Tangu hapo Waiyaki alikuwa katikati ya moto miwili. Upande mmoja vijana walitaka vita. Upande wa pili wageni walimshuku kwamba anacheza ngoma mbili. Hata hivyo aliendelea kwenda na kurudi bomani, akisema nao na kubishana nao. Alikuwa na anake wa kutosha kuwapigia mbiu, lakini sime ikakaa alani. Sehemu hii ya maisha yake haiimbwi sana, na mimi naiona ndiyo kubwa kuliko zote.

Agosti 1892 mambo yakaharibika. Purkiss, Mwingereza aliyekuwa mkubwa wa boma, aliwashambulia watu wa Githiga, na akamshuku Waiyaki kwamba amewaonya mapema. Waiyaki akaenda Fort Smith. Maneno yakawa makali. Waingereza waliandika kwamba alikuwa amelewa na kwamba ndiye aliyeanza. Watu wake walisimulia kwamba ndiye aliyechokozwa. Wote wanakubaliana juu ya jambo moja: sime ilitolewa alani, wakakamatana, na Waiyaki akapigwa kichwani kwa silaha yake mwenyewe. Alikuwa peke yake katika boma la watu wengine, bila njama na bila rika lake.

Wakamfunga minyororo, wakamhukumu apelekwe pwani, mbali na watu wake. Msafara ukaanza safari, naye akiwa na jeraha kichwani. Hakufika Mombasa. Alifariki Kibwezi mwezi wa Septemba 1892 na akazikwa hukohuko. Kutoka hapo ikaenea habari kwamba alizikwa akiwa hai, kichwa kikielekezwa chini. Kumbukumbu za wakati ule zaonyesha kwamba alikufa kutokana na jeraha lake, lakini hadithi ya kuzikwa hai ilipata nguvu kubwa miongoni mwa waliopigania ardhi na uhuru baadaye. Watu walioporwa mashamba walihitaji kumweka Waiyaki ardhini akiwa bado anaishi. Damu yake haikupotea pia. Kitukuu wake Dkt. Munyua Waiyaki alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya kuanzia 1974 hadi 1979, na dada yake Wambui Otieno alikuwa miongoni mwa wanawake waliojulikana sana katika kupigania uhuru.

Sasa turudi kwa sanaa ya vita yenyewe. Baada ya Waiyaki, bunduki na serikali ya kikoloni vilimaliza kazi ya anake. Njama ya vita ikafa kwa kukosa vita vya kuamua. Vijana wakapelekwa mashambani kuchuma kahawa na kukata mkonge, kama ilivyokuwa huku Ruiru na Thika. Ilipotangazwa hali ya hatari Oktoba 1952, kijana wa Kikuyu kuonekana na sime ilikuwa hatari kwa maisha yake. Yaliyobaki yakawa mapande mapande: ngoma huku, ngao ukutani kule, neno moja kwa babu, lingine kwa nyanya.

Na kitu kikivunjika vipande, yeyote huokota kipande anachotaka. Kundi la Mungiki, lililopigwa marufuku mwaka wa 2002, lilidai kwamba linarudisha mila. Watu wa sehemu zetu, abiria, makanga, wenye maduka, wanajua walichopata: kutozwa pesa kwa nguvu, vitisho na vifo. Hapa namkubali kabisa yule mzazi. Lakini tazama waliokota nini. Waliokota silaha, wakaacha hatamu. Hakukuwa na wazee wa kuwazuia, wala kungoja. Huo si urithi wa Waiyaki, la hasha! Ni wizi wa jina tu.

Je, dawa ni kuifuta sanaa yote? Mimi nasema hapana, na dunia ina mifano. Japani ilikuwa na mbinu za mieleka za kivita za masamurai. Masamurai walipoondolewa, mbinu zile zilibaki kama ngao yetu ya ukutani. Mwaka wa 1882 mwalimu mmoja kijana, Jigoro Kano, alifungua shule yake jijini Tokyo. Aliziondoa katika mashindano mbinu za kuvunja watu, akaacha zile zinazojenga mwili na adabu, akauita mchezo huo judo. Mwaka wa 1964 judo iliingia katika michezo ya Olimpiki. Hata skauti wetu, wanaosimama wima kila Ijumaa, walitokana na mwanajeshi, Baden-Powell, ambaye kaburi lake liko Nyeri. Alichukua ujuzi wa upelelezi wa vitani akawapa vijana wa amani.

Na tusisahau wa kwetu. Mwaka wa 2015 kule Beijing, Julius Yego alirusha mkuki mita 92.72, akawa bingwa wa dunia na kuweka rekodi ya Afrika. Mkuki huo hukumchoma mtu hata mmoja, lakini nchi nzima ilipiga kelele kama zamani anake walipokuwa wakirudi nyumbani.

Kwa hiyo, ndugu zangu na walimu wetu waheshimiwa, pendekezo langu ni kwamba ngoma ya vita ibaki shuleni, lakini isibaki nusu. Kwanza, kila mchezaji afundishwe habari za njama, za rika na za ruhusa ya wazee kabla ya kupewa mkuki wa mti. Mwenye kutaka kuruka tu, akaruke kamba. Pili, tuwaendee wazee wa Kalimoni na vijiji vya jirani tuwaulize ile michezo ya utotoni, hasa miereka na fimbo kwa ngao, ili mwalimu wa michezo aitengenezee sheria za usalama tuicheze uwanjani. Tatu, yule mzazi aalikwe mazoezini, akae pamoja na wazee na awe na haki ya kusema simamisheni pale atakapoona tumekosea. Si ndivyo njama ilivyofanya kazi?

Najua wenzangu wengine watacheka, watasema mambo ya fimbo ni ya ushamba, siku hizi ni karate na sinema. Sawa, karate ni nzuri. Lakini karate nayo ilikuwa ya kisiwa fulani, ikawa na bahati ya kupata watu walioithamini.

Waiyaki alibeba sime maisha yake yote. Waingereza walimwandika kwa ile siku moja aliyoitoa. Mimi namwandika kwa siku zote nyingine alizoiacha ndani ya ala huku akiwa na kila sababu ya kuitoa. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya sanaa hii, na ndiyo ninayotaka tuanze kufundishwa muhula ujao.