GRIFFIN NA BARAZA LAKE

Kila nirudipo Nakuru kwa matatu na kupita Gilgil, penye chuo cha Huduma ya Vijana kwa Taifa, humkumbuka marehemu Dakta Geoffrey Griffin. Mzungu huyu alizaliwa Eldoret mwaka 1933. Wakati wa Hali ya Hatari aliacha jeshi kwa kuchukizwa na aliyoyaona, akaenda Wamumu kuwalea vijana waliowekwa kizuizini. Mwaka 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha Starehe kule Nairobi. Vilikuwa vibanda viwili vya mabati tu, na machokora! Kuanzia 1964 akaiongoza Huduma ya Vijana pia.

Lakini kilichonivuta mimi ni baraza. Kila wiki wavulana walikutana naye. Hata wa kidato cha kwanza aliweza kusimama akalalamika juu ya chakula, kiranja au mwalimu, asiadhibiwe. Griffin alimjibu palepale, mbele ya wote. Asiye na hoja aliambiwa wazi, akaketi. Hivyo kijana alizoea kupima neno lake kabla ya kulitoa. Na waliomaliza shule walijitolea kufanya kazi za umma kabla ya kuingia chuo kikuu.

Alifariki Juni 2005, angali mkurugenzi wa Starehe.

Sasa nikiri. Mwaka jana bweni letu liliponong'ona juu ya maharagwe mabichi, mimi nilinyamaza. Mwishowe madirisha yakavunjwa, na wazazi wetu wote wakalipa, hata wa sisi tuliojifunika blanketi. Muhula huu nimemwomba mwalimu mlezi wa chama atuombee kwa mkuu wa shule saa moja tu, kila Ijumaa. Bado twangoja jibu.