Izaak Walton: Muuza vitambaa aliyefunza dunia kuvua samaki mtoni

Ukifika mjini Embu uulize Izaak Walton iko wapi, mtu wa bodaboda atakupeleka bila kufikiri mara mbili. Ni hoteli ya miaka mingi, kila mtu anaijua. Lakini muulize huyo Izaak Walton mwenyewe alikuwa nani, hapo sasa ataanza kukuna kichwa.

Mimi pia nilikuna changu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili, karo imekataa kabisa, na mjomba akaniambia nije nikae naye huko hadi akili itulie. Jumamosi tulikuwa tunaenda mtoni na fito mbili na mkebe wa nyungunyungu. Mjomba alikuwa anavua. Mimi nilikuwa naangalia simu na kuhesabu wenzangu watakaofuzu. Siku moja tukipita karibu na hiyo hoteli nikaamua kumtafuta huyu jamaa. Niliyoyapata ndiyo haya.

Walton alizaliwa mwaka 1593 huko Stafford, Uingereza. Babake alikuwa mtu wa kuuza pombe, na alifariki Izaak akiwa hajatimiza miaka minne. Haikuwa familia ya wakubwa. Kijana akaenda London kufunzwa biashara ya vitambaa na shemeji yake. Chuo kikuu hakukanyaga kama mwanafunzi. Mwaka 1618 akapokelewa katika chama cha wafanyabiashara wa vyuma, ingawa bidhaa yake ilikuwa vitambaa. Siku hizo bila chama hungeruhusiwa kufungua biashara yako jijini. Akapata duka karibu na Fleet Street, akawa mtu wa kupima kitambaa na kuhesabu senti.

Sasa, kanisa la mtaa huo lilikuwa chini ya John Donne, mshairi na mhubiri aliyekuwa na jina kubwa. Muuza vitambaa na mhubiri wakawa marafiki. Rafiki yake mwingine alikuwa Henry Wotton, aliyewahi kuwa balozi huko Venice na baadaye akawa mkuu wa shule ya Eton. Wotton alipenda uvuvi wa ndoano kupindukia. Mtoni hakuna anayeuliza una shahada gani, na hapo ndipo Walton alipokaa na wasomi bila kuona aibu.

Donne alifariki mwaka 1631. Wotton akaahidi kuandika maisha yake, akamwomba Walton amkusanyie habari. Pia alikuwa na mpango wa kuandika kitabu cha uvuvi. Miaka ikapita, na mwaka 1639 Wotton naye akafariki bila kumaliza hata kimoja. Mahubiri ya Donne yalikuwa karibu kuchapishwa, na hakukuwa na mtu wa kueleza alikuwa nani. Walton, akiwa na miaka 46, akachukua kalamu mwenyewe. Kazi hiyo ilitoka mwaka 1640. Baadaye aliandika maisha ya watu wengine wanne, Wotton akiwa mmoja wao. Na kile kitabu cha uvuvi? Hicho pia kilimngoja yeye.

Lakini usidhani maisha yalikuwa ya kukaa kando ya mto tu. Walton na mke wake wa kwanza, Rachel, walipata watoto saba. Wote saba walikufa wakiwa wadogo. Mwaka ule ule wa 1640 kitabu chake cha kwanza kilipotoka, Rachel naye akafariki. Soma hiyo tena polepole. Mwaka 1647 alioa tena, akamwoa Anne Ken, na hapo angalau watoto wawili walikua hadi utu uzima. Hata Anne alimtangulia, mwaka 1662.

Juu ya hayo kukawa na vita. Kuanzia 1642 mfalme na bunge walipigana, na mwaka 1649 mfalme Charles wa Kwanza akakatwa kichwa. Walton alikuwa upande wa mfalme, upande ulioshindwa, na marafiki zake wengi wa kanisa walipoteza kazi. Baada ya mapigano ya Worcester mwaka 1651, kito cha heshima cha mwana wa mfalme kilifichwa kisianguke mikononi mwa maadui. Aliyeaminiwa kukibeba kimyakimya hadi London alikuwa huyu mzee wa vitambaa. Angeshikwa, kungekuwa na moto.

Miaka miwili baadaye, 1653, akiwa karibu miaka 60, alitoa The Compleat Angler. Nchi imegawanyika, watu wanaangaliana kwa jicho baya, na yeye anatoa kitabu cha samaki. Kinahusu watu wanaotembea kando ya mto Lea, kaskazini mwa London, wakipiga gumzo, mvuvi akimfunza mwenzake aliyezoea kuwinda. Wanavua, wanakula, wanaimba, wanalala kwenye nyumba ya wageni, kesho yake wanaendelea. Ndani ya gumzo hilo kuna mafunzo ambayo hadi leo yanafanya kazi.

La kwanza ni kivuli. Walton alieleza kwamba samaki aina ya chub ni mwoga sana, hata kivuli cha ndege au cha ufito kikipita juu ya maji anazama. Kwa hivyo jifiche nyuma ya mti, tulia hadi samaki warudi juu, kisha sogeza ufito polepole ajabu. Hata huku kwetu, ukisimama jua likiwa mgongoni, kivuli chako kinaingia majini kabla ya chambo chako.

La pili ni chambo. Nyungunyungu aliyetolewa matopeni sasa hivi ni laini na hufa haraka kwenye ndoano. Walton alishauri wawekwe siku kadhaa ndani ya kuvumwani mbichi, ile mimea laini inayoota juu ya mawe yenye unyevu, ibadilishwe kila baada ya siku chache. Wanajisafisha tumbo, wanakuwa wagumu, wanachezacheza.

La tatu ni hali ya hewa. Alipenda upepo wa kusini na siku yenye mawingu, hakupenda upepo wa mashariki. Lakini alionya pia usiwe mtumwa wa upepo. Kama kuna mawingu na baridi si kali, nenda.

La nne ni subira. Wavuvi wengi wa wakati wake hawakuwa na kile kigurudumu cha kuzungushia mshipi. Mshipi wa nywele za farasi ulifungwa kwenye ncha ya ufito, basi. Ukizidiwa na samaki mkubwa, ulimtupia ufito wote majini, ukamwacha auburute hadi achoke, ndipo uufuate. Ukivutana naye kwa hasira, mshipi unakatika.

Kitu kingine nilichompendea ni kwamba hakujifanya anajua kila kitu. Kwa uvuvi wa nzi bandia, aliegemea maarifa ya Thomas Barker na akamtaja. Toleo la tano, la mwaka 1676, liliongezwa sehemu nzima ya uvuvi huo iliyoandikwa na Charles Cotton, rafiki aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 37. Cotton alikuwa amejenga kibanda cha wavuvi kando ya mto Dove, na mlangoni akachonga herufi za kwanza za majina yao zikiwa zimefumana.

Walton alifariki Winchester tarehe 15 Desemba 1683, akiwa na miaka 90. Amezikwa ndani ya kanisa kuu la mji huo. Mwaka 1914 wavuvi walichanga wakamwekea dirisha la vioo vya rangi, na humo ameketi kando ya mto akisoma. Kitabu chake kimechapishwa mara mamia.

Lakini kilichonikaa rohoni ni wosia wake. Kodi ya shamba lake aliiachia maskini wa Stafford. Sehemu ilikuwa ya kununua makaa wakati wa baridi. Sehemu nyingine ilikuwa ya kuwapeleka kila mwaka vijana wawili wa familia maskini wakafunzwe kazi ya mikono. Kumbe miaka yote hiyo, katikati ya maaskofu na washairi, hakusahau yule kijana wa Stafford aliyeenda London bila baba kutafuta ufundi.

Mimi chuo sijarudi. Mwezi uliopita nilianza kujifunza kazi kwa fundi mmoja wa umeme, rafiki ya mjomba. Jumamosi bado tunaenda mtoni. Wiki jana nilizima simu, nikachuchumaa nyuma ya kichaka, nikakaa karibu saa mbili. Nilipata mmoja mdogo kama kiganja, nikamrudisha majini. Mjomba hakusema kitu, akanisogezea tu mkebe wa chambo.

Nawe ukitaka kujaribu, uliza kwanza kuhusu leseni, hasa kwenye mito ya trauti. Kisha kaa chini, na uangalie kivuli chako.