William Eno: aliyeandika sheria za barabarani bila kujua kuendesha gari

Tarehe 13 Septemba 1899, mkazi mmoja wa jiji la New York, Henry Bliss, alikuwa akishuka kwenye tramu. Teksi ya umeme iliyokuwa ikipita ikamgonga, na kesho yake asubuhi akafariki. Ndiye anayetajwa kuwa mtu wa kwanza kuuawa na gari nchini Marekani. Dereva alikamatwa, kisha akaachiwa huru.

Utauliza, msikilizaji: alivunja sheria gani? Hapo ndipo penye shida yenyewe. Mpaka siku hiyo, jiji lile kubwa lilikuwa halina kanuni kamili zilizoandikwa za namna ya kuendesha chombo barabarani. Magari ya farasi, mikokoteni, baiskeli, tramu na watu wa miguu, kila mmoja alipita alipoona panafaa.

William Phelps Eno alikuwa ameliona jambo hili tangu utotoni. Alizaliwa New York tarehe 3 Juni 1858. Baba yake, Amos Eno, alikuwa tajiri wa viwanja na majengo, mwenye hoteli maarufu ya Fifth Avenue. Mwaka 1867, William akiwa na miaka 9, alikwama kwenye foleni pamoja na mama yake ndani ya gari la farasi. Alipokuwa mtu mzima alieleza kwamba magari yenyewe hayakuzidi dazeni moja hivi, lakini yalichukua kama nusu saa kuachana. Nafasi ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kujua nani apite kwanza, na si madereva wala polisi waliojua.

Alisoma Chuo Kikuu cha Yale, akafanya kazi katika biashara ya familia hadi alipokaribia miaka 40. Baba yake alifariki mwaka 1898 na kumwachia mali. Wengine wangetulia wakala urithi. Yeye akaamua kushughulika na barabara.

Januari 1900 aliandika makala katika jarida la wapenda farasi akitaka mambo matatu: sheria chache na fupi, watu wote wafundishwe sheria hizo, na askari wenye mamlaka ya kuzisimamia. Ukifikiri vizuri, hilo la pili ndilo zito. Sheria iliyofungiwa kabatini ofisini haimsaidii mwenye mkokoteni.

Mwaka 1903 polisi wa New York walianza kutumia kanuni alizoziandika Eno, na nakala 100,000 zikasambazwa kwa madereva. Zilisema mambo ambayo leo tunaona ni ya kawaida kabisa. Chombo kikae upande wake wa barabara, ambao kwa Marekani ni kulia. Cha mwendo wa polepole kiwe karibu na ukingo, ili cha kasi kipite. Anayetaka kusimama au kukata kona atoe ishara kwa mkono au kwa mjeledi, aliye nyuma ajue. Magari ya zimamoto na ya wagonjwa yapishwe.

Mwaka 1905 eneo la Columbus Circle likawekewa utaratibu wake mwingine: magari yote yazunguke kuelekea upande mmoja. Kabla ya hapo yalikuwa yakikutana uso kwa uso pale katikati. Huo ni mzunguko, ambao Watanzania wengi tunauita kipilefti, ingawa kwa Wamarekani jina hilo lisingefaa maana wao huuzunguka kwa kulia! Eno alisaidia pia kupanga utaratibu wa barabara London na Paris, na mwaka 1921 akaanzisha taasisi ya utafiti wa usafiri ambayo ipo hadi leo.

Yeye mwenyewe hakuwahi kujifunza kuendesha gari. Alipenda farasi, na alipolazimika kupanda gari aliendeshwa. Alifariki tarehe 3 Desemba 1945 akiwa na miaka 87.

Je, sheria zake zilimaliza vifo? Hapana. Zilileta utaratibu, lakini kwa maoni yangu zilimwangalia zaidi mwenye chombo kuliko mtu wa miguu. Tena zilitegemea kila mtu atii kila siku, na binadamu huchoka, hulewa, hukimbilia mambo yake. Mwaka 1997 bunge la Sweden lilipitisha wazo tofauti: kwa kuwa mtu lazima atakosea, barabara ijengwe na mwendo upunguzwe kiasi kwamba kosa lake lisimuue mtu.

New York yenyewe ilichukua wazo hilo mwaka 2014, ikiweka lengo la kufuta kabisa vifo na majeraha makubwa ya barabarani. Mwendo wa kawaida mitaani ulishushwa hadi kilomita 40 kwa saa, zikaongezwa kamera za kunasa wanaokimbia, na vivuko virefu vikafupishwa. Mwaka 2013 walikufa watu karibu 300. Kufikia 2018 walikuwa wamebaki kiasi cha 200, idadi ndogo kuliko wakati wowote tangu jiji lianze kuhesabu mwaka 1910. Lakini wakati wa janga la korona barabara zilipobaki wazi, madereva walikanyaga mafuta, na vifo vikapanda tena.