Walter Mittelholzer: rubani aliyepita Ziwa Tanganyika na kuipiga picha Kibo kutoka angani

Ukitaja historia ya Ujiji, majina mawili hutangulia: Livingstone na Stanley, waliokutana hapa mwaka 1871. Wote wawili walifika kwa miguu na kwa mitumbwi, baada ya miezi mingi ya njaa, homa na matope. Miaka 56 baadaye alikuja mgeni wa aina nyingine kwenye ziwa letu. Huyu hakuhitaji wapagazi wala msafara. Alitokea angani, akafuata maji kuelekea kusini, akaenda zake. Jina lake ni Walter Mittelholzer, raia wa Uswisi, rubani na mpiga picha.

Siku hizi utalii wa angani unazungumzwa sana nchini. Mgeni hulipa, hupanda helikopta au ndege ndogo, huzungushwa mlimani kwa muda mfupi, na penye ruhusa na nafasi hutua kidogo, hupiga picha na kurudi. Mittelholzer ni mmoja wa watu walioanza biashara ya namna hiyo duniani, wakati ndege zenyewe zilikuwa za mbao, turubai na bati jembamba. Ndiyo maana leo tunayaeleza maisha yake.

Mtoto wa muoka mikate

Mittelholzer alizaliwa tarehe 2 Aprili 1894 katika mji wa St. Gallen, mashariki mwa Uswisi. Baba yake alikuwa muoka mikate. Kijana huyo hakuifuata kazi ya tanuri, alijifunza upigaji picha. Kupanda milima nako alikupenda tangu ujana, na mambo hayo mawili, kamera na mlima, hakuyaacha hadi kufa.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimkuta akiwa kijana. Uswisi haikupigana, lakini jeshi lake lilikuwa likijenga kikosi cha anga na lilihitaji watu wa kupiga picha kutoka juu. Mittelholzer akaingia jeshini kwa kazi hiyo. Hakuridhika kukaa kiti cha nyuma na kamera. Mwaka 1917 alimaliza mafunzo ya urubani, na mwaka uliofuata akawa rubani wa kijeshi.

Vita vilipokwisha, marubani wengi Ulaya walibaki bila kazi. Mwaka 1919 Mittelholzer alishirikiana na rubani mwenzake, Alfred Comte, kufungua kampuni ndogo. Kazi zao zilikuwa mbili: kuuza picha zilizopigwa kutoka angani, na kuwabeba watu waliotaka kuiona nchi yao wakiwa juu. Mwaka uliofuata kampuni hiyo iliunganishwa na nyingine iliyoitwa Ad Astra, na Mittelholzer akawa mmoja wa wakuu wake.

Katika miaka hiyo watu walianza pia kujaribu kutua milimani. Helikopta ya kubeba abiria haikuwapo bado, hivyo walitumia ndege za kawaida juu ya theluji. Mwaka 1921 Mswisi mwingine, François Durafour, alitua karibu na kilele cha Mont Blanc, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 4,000, kisha akaruka tena salama. Mittelholzer alikulia katika zama hizo za kuthubutu. Yeye, hata hivyo, alijulikana zaidi kwa kuizunguka milima kwa karibu na kurudi na picha.

Mwaka 1923 alikwenda Spitsbergen, karibu na Ncha ya Kaskazini. Mwaka 1924 alianza safari ya ndege kwenda Uajemi, ambayo leo ni Iran, na huko akaupiga picha mlima Damavand kutoka angani. Kila aliporudi aliandika kitabu, akatoa mihadhara na kuonyesha picha zake. Watu wa Uswisi, nchi isiyo na bahari, walimpenda kwa kuwaletea dunia mlangoni.

Ndege zilizomtangulia Kigoma

Kabla ya kufika kwenye safari yake ya Afrika, turudi nyuma kidogo hapa kwetu. Mittelholzer hakuwa wa kwanza kuruka juu ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wabelgiji walizileta ndege zao za kutua majini upande wa pili wa ziwa, karibu na Kalemie ya leo. Zilivuka ziwa na kudondosha mabomu Kigoma, zikiilenga meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Mmoja wa marubani hao, Aimé Behaeghe, alifariki dunia huko huko Kongo mwezi Desemba mwaka huo.

Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe ili isitekwe. Iliibuliwa mwaka 1924, ikakarabatiwa, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua sote: Liemba.

Kwa hiyo watu wa mwambao huu waliijua ndege kwanza kama chombo cha vita. Miaka 11 baadaye ikaja hii nyingine, iliyobeba kamera.

Siku 77 kutoka Zürich hadi Cape Town

Tarehe 7 Desemba 1926 Mittelholzer aliondoka Zürich kwa ndege aina ya Dornier Merkur. Haikuwa na magurudumu. Chini yake ilikuwa na vyombo viwili virefu vya kuelea, mithili ya mitumbwi miwili iliyofungwa sambamba. Sababu ni rahisi kuelewa: sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na viwanja vya ndege, lakini ilikuwa na maji. Mto Nile ukawa barabara yake, na maziwa yakawa viwanja vyake.

Alikuwa na wenzake watatu: fundi Hans Hartmann, mtaalamu wa miamba Arnold Heim, na mwandishi René Gouzy. Walivuka Bahari ya Mediterania hadi Alexandria, wakaufuata Nile kupitia Misri na Sudan, wakafika Ziwa Viktoria. Kutoka hapo walishika njia ya maziwa yetu, Tanganyika na Nyasa, kisha wakatokea Bahari ya Hindi na kuendelea kusini. Tarehe 21 Februari 1927 walitua Cape Town, siku 77 tangu waondoke nyumbani.

Marubani wengine walikuwa wameshafika Afrika Kusini kutoka Ulaya kabla yake, wakitumia ndege za magurudumu. Safari ya Mittelholzer ilipata sifa kwa kufanywa kwa ndege ya majini, na kwa wingi wa picha zilizotokana nayo.

Kwa anayeishi hapa, si vigumu kuelewa kwa nini rubani aliliona ziwa hili kuwa njia. Lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, limenyooka kaskazini hadi kusini kama mfereji, na pande zote mbili limebanwa na milima. Lakini wavuvi wetu wanajua upande wa pili wa habari hiyo. Upepo ukiamka mchana, maji yanayoonekana tulivu ukiwa juu huwa mawimbi ya kupindua mtumbwi. Ndege yenye vyombo vya kuelea haiwezi kutua salama kwenye mawimbi makubwa, na injini ikizima mbali na ghuba, hakuna wa kukuvuta. Ziwa lina kina cha karibu mita 1,470. Ni la pili kwa kina duniani, na likimeza kitu si rahisi kukirudisha.

Januari 1930: juu ya Kibo

Miaka mitatu baadaye Mittelholzer alirudi Afrika Mashariki, safari hii akiwa na abiria wa kulipa. Tajiri wa Vienna, Louis von Rothschild wa ukoo wa mabenki, alitaka kuja kuwinda nyika za Serengeti, na akamkodi Mittelholzer na ndege yake ya Fokker yenye injini tatu. Huu ulikuwa utalii wa anasa, mwanzo wa tunachokiona leo wageni wakishuka na ndege za kukodi kwenye viwanja vya vumbi mbugani.

Tarehe 8 Januari 1930 aliipeleka Fokker hiyo juu ya Kilimanjaro. Anahesabiwa kuwa rubani wa kwanza kuruka juu ya mlima huo.

Tueleze kwa nini jambo hilo lilikuwa gumu. Kilele cha Kibo kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nusu tu ya ile ya pwani. Binadamu anakosa pumzi, kichwa kinauma, mawazo yanakuwa mazito. Injini nayo inakosa pumzi kwa sababu inahitaji hewa ili kuchoma mafuta, na bawa linakosa hewa ya kuliegemea. Ndege za wakati ule hazikuwa na chumba kilichofungwa hewa kama za leo. Aliyekuwa ndani alivuta hewa ile ile nyembamba, kwenye baridi ile ile.

Helikopta za sasa zinabanwa na sheria hiyo hiyo ya maumbile. Pangaboi likizunguka kwenye hewa nyembamba linainua uzito mdogo, ndiyo maana rubani wa mlimani hupunguza abiria na mafuta, na huchagua saa za asubuhi kabla mawingu na upepo havijapanda. Mwaka 2005 Mfaransa Didier Delsalle aliigusisha helikopta kwenye kilele cha Everest, lakini hilo ni jambo la rubani mmoja, si la watalii. Kilimanjaro yenyewe imekwisha kutufundisha kwa uchungu. Mwezi Mei 1955 ndege ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga mlima huo, na watu wote 20 waliokuwamo walikufa.

Mittelholzer aliizunguka Kibo, akaona kreta na kuta za barafu, akapiga picha, akashuka salama. Kitabu kilichotokana na safari hiyo kilitoka mwaka huo huo. Watu wengi Ulaya waliona kwa mara ya kwanza jinsi mlima huu unavyoonekana kwa mwewe.

Kifo bila ndege

Mwaka 1931 Ad Astra iliungana na kampuni nyingine, Balair, na kuzaliwa Swissair, shirika la ndege la Uswisi. Mittelholzer alikuwa mmoja wa wakuu wake wa kwanza, upande wa ufundi. Mwaka 1934 aliruka tena kuja Afrika, kupeleka ndege kwa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia.

Mtu aliyepona anga la Uajemi, Nile, maziwa yetu na Kibo hakufa kwa ajali ya ndege. Tarehe 9 Mei 1937, akiwa katika safari ya kupanda milima kwa miguu huko Styria, Austria, alipatwa na ajali na kufariki dunia. Alikuwa na umri wa miaka 43.

Kwa nini tunamkumbuka

Hatumsimulii ili kumtukuza. Alikuja wakati wa ukoloni na aliitazama Afrika kwa macho ya wakati wake. Katika simulizi za safari hizi, majina yanayojirudia ni ya marubani na matajiri. Waliovuta kamba, waliobeba madebe ya mafuta, waliokaa ufukweni wakitazama, ni nadra kutajwa.

Lakini picha zake zimepata kazi ambayo yeye hakuikusudia. Barafu aliyoiona mwaka 1930 kwa sehemu kubwa haipo tena. Watafiti wanakadiria kuwa zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa Kilimanjaro mwaka 1912 imetoweka. Picha iliyopigwa kwa dakika chache, kwa gharama ya tajiri mmoja, leo ni ushahidi wa kile ambacho nchi nzima imekipoteza. Na sisi wa mwambao tuna mabadiliko yetu. Miaka ya karibuni maji ya ziwa yalipanda, yakafunika maeneo ya fukwe na kuwahamisha watu. Mzee akisema zamani mwalo ulikuwa pale, kijana hana cha kulinganisha.

Mkusanyiko wa picha za Mittelholzer, maelfu kwa maelfu, unahifadhiwa na maktaba ya chuo kikuu cha ETH mjini Zürich, zikiwamo za safari zake za Afrika. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzitazama bila malipo. Zaidi ya hapo, maktaba hiyo hupokea maelezo kutoka kwa umma: anayetambua mahali kwenye picha, au kuona maelezo yamekosewa, anaweza kuwaandikia.

Hapo ndipo watu wa Kigoma, Ujiji, Kasanga na mwambao wote mna nafasi. Mwenye simu akae na babu au bibi, wazifungue picha hizo pamoja, watazame ghuba, vilima na mialo. Rubani alipita mara moja na kuondoka. Anayejua kijiji kile kinaitwaje, na mkondo ule unaingia ziwani wapi, ni mtu aliyezaliwa hapa, na akishafariki bila kuulizwa, picha itabaki na maelezo ya mgeni peke yake.