Kuuguza si kushika taa tu

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uuguzi, mama wa makamo aliyekwisha kutumikia zahanati za Kisii na Nyamira kwa miaka mingi, alinitupia swali ambalo sikuweza kulijibu papo hapo. Alitaka kujua kwa nini alazimishwe kusoma sera, siasa na maadili ya afya ilhali wagonjwa wanamsubiri wodini. Kwa maoni yake sera ni kazi ya waziri, siasa ni kazi ya wabunge, na maadili alikwisha kufunzwa na mamake.

Mimi ni mwanaisimu, si tabibu. Jibu nililipata kwanza katika neno linaloitaja kazi yake, kisha katika maisha ya mwanamke aliyefariki mwaka wa 1910.

Tulianze neno. Kitenzi uguza kimenyambuliwa kutokana na ugua, kama vile punguza kilivyonyambuliwa kutokana na pungua. Apunguzaye hukifanya kitu kipungue. Kwa kanuni iyo hiyo, auguzaye angekuwa anamfanya mtu augue! Matumizi ya wasemaji yameamua vinginevyo, na leo muuguzi ni yule amtunzaye mgonjwa. Hata hivyo, maana ile ambayo kanuni ingeizaa haiko mbali na kazi yenyewe, na hakuna aliyeonja uchungu wake kuliko Florence Nightingale.

Mama huyu alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, ambao ndio uliompa jina. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali na mashamba. Baba yake alimsomesha nyumbani lugha, historia na falsafa, elimu ambayo wasichana wengi wa enzi hizo walinyimwa. Naye binti akajipendea hesabu. Mwaka wa 1837, akiwa na umri wa miaka 16, aliamini kwamba Mungu amemwita amtumikie. Alipotamka kwamba wito huo ni wa uuguzi, jamaa zake walifadhaika, kwa kuwa kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanawake maskini na walevi. Alikataa kuolewa, akangoja kwa miaka mingi, na hatimaye mwaka wa 1851 akapata mafunzo ya miezi mitatu huko Kaiserswerth, Ujerumani. Mwaka wa 1853 alikabidhiwa usimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake jijini London.

Mwaka wa 1854 Uingereza na Ufaransa ziliingia vitani upande wa Uturuki dhidi ya Urusi, katika vita viitwavyo vya Crimea. Magazeti ya London yalipofichua jinsi majeruhi walivyotelekezwa, Sidney Herbert, aliyekuwa serikalini akishughulikia mambo ya jeshi na ambaye pia alikuwa rafiki yake, alimtuma na wauguzi 38. Walifika Scutari, ng'ambo ya mji ambao leo unaitwa Istanbul, mwezi wa Novemba 1854.

Picha wanayoijua wanafunzi wetu inaanzia hapo na kuishia hapo: mama mwenye taa akipita usiku katikati ya safu za vitanda. Picha hiyo si ya uongo, lakini inaficha jambo kubwa. Majira yale ya baridi, baada ya yeye kufika, vifo havikupungua bali viliongezeka. Mwezi wa Februari 1855, kati ya kila wagonjwa 100 walioingia hospitalini, 42 hivi walikufa. Jengo lilikuwa limejaa kupita kiasi, hewa ilikuwa nzito, na chini ya sakafu mifereji ya maji machafu ilikuwa imeziba. Mwezi wa Machi tume ya usafi ilitumwa kutoka Uingereza, mifereji ikazibuliwa, madirisha yakafunguliwa, na katika miezi michache vifo vikashuka mno.

Aliporudi kwao mwaka wa 1856 taifa zima lilimshangilia, lakini yeye aliyakwepa mapokezi. Alijifungia na takwimu, akisaidiwa na William Farr, bingwa wa takwimu za vifo. Hesabu zilimwonyesha kwamba wengi wa askari hawakuuawa na risasi za Warusi, bali na kipindupindu, kuhara na homa, maradhi ambayo yangaliweza kuzuiwa. Hospitali yenyewe, ambayo yeye aliitumikia usiku na mchana, ilikuwa miongoni mwa sababu za vifo. Tafakari, msomaji, uzito wa ugunduzi huo kwa mtu ambaye tayari alikuwa ametukuzwa kama malaika. Angeweza kunyamaza na kuilinda sifa yake. Badala yake alizichapa hesabu zile, akazichora katika michoro ya mviringo yenye vipande 12, kila kipande kikiwa mwezi mmoja, ili hata waziri asiyependa tarakimu auone ukweli kwa macho.

Huo ndio ukurasa wa maisha yake unaofaa kufundishwa. Hakuwa na kura, na alikufa bila kuwahi kupiga kura ya bunge. Hakuweza kuketi katika tume ya kifalme iliyoundwa mwaka wa 1857 kuchunguza afya ya jeshi. Aliandika ripoti ndefu nyuma ya pazia, akawaandaa mashahidi, akawasukuma mawaziri kwa barua. Kwa miaka mingi alikuwa mgonjwa asiyetoka chumbani, na kitanda chake kikawa ofisi. Mwaka wa 1858 alikuwa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika chama cha wanatakwimu cha London. Mwaka wa 1859 alichapisha kitabu kuhusu hospitali akisisitiza kwamba wajibu wa kwanza wa hospitali ni kutomdhuru mgonjwa. Mwaka wa 1860 shule ya wauguzi ilifunguliwa kwa jina lake katika hospitali ya St Thomas', na wahitimu wake wakaeneza mafunzo hayo katika nchi nyingi.

Simsifu kupita mpaka. Aliitumikia himaya ya Uingereza bila kuihoji haki ya kuwako kwake, himaya ambayo mwaka wa 1908, yeye akiwa angali hai, majeshi yake yaliwaua Abagusii na kuwanyang'anya ng'ombe. Aidha, alipinga wauguzi kusajiliwa na dola, akihofia kwamba mtihani hauwezi kupima tabia. Sheria ya usajili ilipitishwa Uingereza mwaka wa 1919, miaka tisa baada ya kifo chake, na leo hakuna anayetamani kuuguzwa na mtu asiyesajiliwa. Hata kile kiapo kinachobeba jina lake, ambacho wauguzi hukikariri wanapohitimu, hakukitunga yeye. Kilitungwa Marekani mwaka wa 1893 kwa heshima yake. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910 akiwa na miaka 90, na jamaa zake wakakataa azikwe katika kanisa la wafalme. Amelala katika makaburi ya kijijini.

Je, hayo yanatuhusu nini sisi wa Gusii? Yanatuhusu sana. Hospitali ya Kisii nayo ilianza mwaka wa 1916 kama hospitali ya vita, ikiwatibu askari. Tangu mwaka wa 2013, kwa mujibu wa Katiba ya 2010, huduma nyingi za afya zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Dawa zikikosekana katika zahanati ya Nyamira, chanzo chaweza kuwa mstari mmoja katika bajeti uliopitishwa na bunge la kaunti. Muuguzi asiyejua bajeti inavyotungwa atabaki kumwomba radhi mgonjwa. Mwaka wa 2017 wauguzi wa nchi hii waligoma kwa muda wa miezi mitano hivi, kuanzia Juni hadi Novemba. Mgomo ule ulikuwa suala la sera, la siasa na la maadili kwa pamoja: haki ya mtumishi kulipwa na haki ya mzazi kujifungua salama ziliwekwa kwenye mizani moja. Nani atamfundisha muuguzi kuipima mizani hiyo ikiwa si mwalimu wake?

Lakini liko jambo zito zaidi, ambalo tunalinong'oneza vyumbani. Takwimu za kitaifa za mwaka wa 2014 zilionyesha kwamba zaidi ya wanawake wanane kati ya kila kumi wa Abagusii walikuwa wamekeketwa. Na kwetu, kinyume na jamii nyingi, kazi hiyo imehama kutoka kwa ngariba na kuingia mikononi mwa wahudumu wa afya. Chanzo chake kinasikitisha. Kwa miaka mingi wahamasishaji walihubiri hatari za wembe: kuvuja damu, maambukizi, Ukimwi. Wazazi walisikia vizuri. Hawakuacha ukeketaji, waliuacha wembe mchafu, wakamtafuta muuguzi mwenye glavu na sindano ya ganzi. Tulifundisha afya bila kufundisha haki, na sera yenye nia njema ikazaa tawi jipya la dhara lile lile.

Sheria ya mwaka wa 2011 iko wazi. Ridhaa ya msichana au ya mzazi si utetezi. Kifungo ni cha miaka isiyopungua mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au vyote viwili. Na msichana akifa, mkosaji aweza kufungwa maisha. Hata hivyo, sheria haiingii nyumbani usiku wa Desemba. Anayeingia ni muuguzi, ameitwa na shangazi yake au jirani aliyemsaidia kulipa karo, na bahasha iko mezani. Hujiambia kwamba akikataa, msichana atapelekwa kwa mwenye wembe wenye kutu. Hoja hiyo ina sura ya huruma. Nayo ndiyo inayotakiwa kuchambuliwa darasani, mchana, kabla ya usiku ule kufika. Kwa sababu glavu safi huzuia maambukizi tu, haziurudishi mwili wa mtoto ulichokatwa. Hapo uguza inarudi kwenye ile maana tuliyoikwepa: muuguzi amemfanya mzima augue.

Kwa hivyo jibu langu kwa yule mama ni hili. Nightingale hakuwa mkubwa kwa sababu alishika taa. Wako wengi walioshika taa. Alikuwa mkubwa kwa sababu aliielekeza taa ile kwenye hospitali yake mwenyewe, akakiri ilichoonyesha, kisha akaenda kuwasumbua wenye mamlaka hadi wakatenda. Kuhesabu ndiko takwimu, kusumbua ndiko siasa, kukiri ndiko maadili. Hayo matatu ndiyo somo analodhani linampotezea wakati.

Nanyi walimu wenzangu wa shule za Kisii na Nyamira, wahesabuni wasichana wenu shule zifungapo, na wahesabuni tena Januari. Asiyerudi ana habari yake, na anayerudi amenyamaza ana habari yake vilevile. Msiliache daftari hilo kabatini. Lipelekeni kwa muuguzi wa zahanati iliyo jirani, na kwa mwakilishi wenu wa wadi, mkaulize kwa sauti ni nani aliyeitwa usiku.